Walioacha Sigara kwa Mara Moja

Mama msikilizaji, kuacha sigara bila dawa si jambo geni. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kuwa sigara huleta saratani ya mapafu. Doll mwenyewe aliacha. Kuanzia 1951 waliwafuatilia madaktari wa huko, na wengi wao wakaacha kabla chingamu ya nikotini haijaanza kuuzwa. Matokeo ya 2004: aliyeacha akiwa na miaka 30 aliongeza kama miaka 10 ya kuishi, aliyeacha akiwa na 50, kama 6.

Basi baba watoto akitupa pakiti leo, siku tatu za kwanza ndizo kali. Atafoka, atakosa usingizi. Mvumilie. Akishindwa, mlete kliniki; kutumia dawa si aibu.