Mamlaka ya Kuidhinisha Seva ya Anwani za Mtandao

Kila kompyuta inayounganishwa na mtandao wa ofisi huhitaji anwani kabla ya kuanza kazi. Katika ofisi nyingi anwani hizo hugawiwa na seva ya DHCP, ambayo pia huionesha kompyuta njia ya kutokea nje na seva ya kutafsiri majina ya tovuti. Kwa kawaida kompyuta huipokea anwani ya seva iliyotangulia kujibu, bila kuuliza ni ya nani. Ikiwapo seva isiyotakiwa, mwananchi aliye kwenye foleni ataambiwa tu kwamba mtandao haupo, ilhali nyaya ni nzima. Baya zaidi, mawasiliano ya ofisi yanaweza kupitishwa kwa mtu asiyehusika.

Ndiyo maana, tangu Windows 2000, Microsoft imeweka sharti kwamba seva yake ya DHCP iliyo katika kikoa cha Active Directory iidhinishwe kwanza. Huduma inaweza kuwashwa, lakini haitagawa anwani hata moja mpaka ijikute katika orodha ya seva zilizoidhinishwa. Isipojikuta humo, huandika tukio namba 1046 katika kumbukumbu zake.

Kwa mpangilio wa awali, wenye mamlaka ya kuidhinisha ni wanachama wa kundi la Enterprise Admins, yaani wasimamizi wa muungano wa vikoa vyote vya taasisi. Hapa wengi huchanganyikiwa. Mtumishi aliye katika kundi la DHCP Administrators anaweza kuunda mafungu ya anwani, kuyabadili na kuyafuta, lakini hawezi kuidhinisha seva. Msimamizi wa kikoa cha chini naye hana uwezo huo, kwa kuwa orodha hutunzwa katika sehemu ya Configuration, ambayo ni ya vikoa vyote kwa pamoja.

Baadhi ya ofisi hutatua jambo hili kwa kumwingiza fundi katika kundi hilo kuu, na mara nyingi husahau kumtoa. Huko ni kumkabidhi funguo za jengo zima mtu aliyetumwa kufungua chumba kimoja. Utaratibu ulio salama ni kukasimu: mwenye mamlaka hufungua Active Directory Sites and Services, huonesha sehemu ya huduma, kisha hulipa kundi maalumu udhibiti wa NetServices na vilivyomo ndani yake. Baada ya hapo, mwanachama wa kundi hilo anaweza kuidhinisha seva kwa amri ya Add-DhcpServerInDC, akitaja jina la seva na anwani yake.

Ieleweke kwamba kinga hii huzifunga seva za Windows pekee. Ruta ndogo ya nyumbani, ambayo mtumishi ameichomeka ukutani kwa nia njema, haiulizi idhini ya yeyote. Itaanza kugawa anwani mara moja. Ruta ya namna hiyo huzuiwa kwenye swichi, kwa kuainisha matundu yanayoruhusiwa kupitisha majibu ya DHCP.