Kutoka Msafara hadi Treni ya Umeme: Mwendo wa Pwani na Mpwapwa



Kila anayepanga kwenda nyumbani huanza na hesabu ya njia. Hesabu hiyo ina historia ndefu, nasi tumeona tukumbushane kabla ya kuombana michango.

Zamani za misafara, Mpwapwa ilikuwa njiani. Waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipumzika kwetu kwa sababu ya maji na chakula. Mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ya zaidi ya kilomita 40 isiyo na maji ya kunywa, kisha Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. Mwaka 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Mpwapwa mwezi Mei. Mwenzake William Farquhar, akiwa mgonjwa, aliachwa kwetu na hapo akafariki. Wapagazi, ambao wengi wao majina hayakuandikwa, walibeba mizigo njia nzima.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Safari ya wiki nyingi ikawa ya kuhesabiwa kwa saa. Lakini reli ilifuata bonde la mto ikapita Gulwe, haikuingia mjini kwetu. Baadaye barabara kuu ya lami nayo ikapita Gairo na Mbande. Mji uliokuwa njiani ukabaki kando.

Hata hiyo reli haikuwa na uhakika. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesumbuliwa na mafuriko mara nyingi. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilisomba tuta, treni zikasimama kwa miezi.

Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi. Leo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara, na basi hutumia karibu siku nzima. Kwa anga ni kama kilomita 400, ndege huwa hewani kwa takriban saa moja. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, ile ya haraka hufika kwa chini ya saa nne.

Lakini kutoka Dodoma hadi Mpwapwa bado kuna kama kilomita 120, na gari huzimaliza kwa muda mrefu kuliko ndege ilivyotoka Dar es Salaam. Anayekwenda Kibakwe, Rudi au Lumuma ana safari nyingine mbele yake, na wakati wa masika hana hakika ya kufika. Mama mjamzito wa huko haulizi ndege inatumia dakika ngapi. Anauliza kama korongo linapitika.

Njia kuu zimejengwa na Serikali za kila zama. Vipande vya mwisho vinatungoja sisi. Ndiyo maana mwaka huu umoja wetu umeweka mbele makalavati na vivuko vya barabara za vijijini. Mwenye fedha alete fedha, mwenye saruji alete saruji, mwenye lori alete mawe, na aliyeko kijijini alete nguvu zake. Hakuna mchango mdogo.