Uzito wa Pedali ya Klachi: Historia ya Kipimo cha Mguu

Klachi, yaani kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na gia boksi kwa amri ya mguu wa kushoto wa dereva, ilipata nafasi yake ya kudumu katika gari mwaka 1891, pale kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa ilipoweka injini mbele, klachi nyuma yake, kisha gia, mpango ambao watengenezaji wengi waliufuata baadaye. Klachi za zama hizo zilikuwa na umbo la pia lililovikwa ngozi, nayo ngozi ilikuwa na vituko vyake: ikikauka ilishika kwa ghafla hata gari likaruka, na ikilowa mafuta iliteleza. Dereva aliilainisha kwa mafuta ya nyonyo au aliinyunyizia udongo laini unaofyonza mafuta, hivyo kuijaribu pedali kulikuwa kazi ya mara kwa mara, isiyosubiri matengenezo makubwa.

Ngozi ilianza kuachwa baada ya Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo nchini Uingereza mwaka 1897, na wengine waliomfuata kutengeneza vitambaa vya msuguano vilivyostahimili joto, hasa vya asibestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake lilikuja kuthibitika kusababisha saratani. Umbo la pia nalo likaipisha pleti bapa, inayobanwa kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, na bamba liitwalo presha pleti.

Badiliko lililogeuza maana ya uzito wa pedali, hata hivyo, lilihusu springi. Presha pleti ya zamani ilisukumwa na springi kadhaa za waya uliosokotwa, ambazo hutanuka na kupungua nguvu kadiri pleti inavyolika, kwa hiyo klachi iliyochoka ilikuwa nyepesi na mpya ilikuwa nzito. Springi ya sahani, ambayo ni bati moja la chuma la duara lenye vidole vinavyoelekea katikati, na ambayo ilienea Ulaya kwa juhudi za kampuni kama LuK, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1965, hufanya kinyume: pleti ikilika, pedali huwa nzito. Anayeondoka gereji na klachi mpya ya aina hii akahisi wepesi, akashuku kwamba amefungiwa kifaa hafifu, anapima kwa kanuni ya springi za kale.

Njia ya kupeleka nguvu ya mguu ilileta vipimo vingine. Katika Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyotumia waya, fundi alipaswa kuacha mchezo wa milimita 10 hadi 20, yaani mwendo mtupu wa pedali kabla ya klachi kuanza kuguswa. Pleti mpya huongeza mchezo huo, na waya usiporekebishwa klachi haitengani sawasawa, gia zikalia. Kwa magari ya mafuta ya haidroliki, kama Land Rover Series II ya mwaka 1958, hatari ni upepo uliobaki kwenye mabomba, ambao hubonyea chini ya mguu na kuifanya pedali iwe kama sifongo. Pedali nyepesi inayoachia na kushika mahali palepale kila mara ni salama. Ile inayohitaji kupampuliwa, au inayozama polepole mguu ukiwa juu yake, ndiyo inayostahili kurudishwa kwa fundi.