Mchezaji wa Akiba

Neno "akiba" lina heshima katika lugha yetu mpaka pale linapotajwa kwa mtu. Nafaka ya akiba ghalani ni fahari ya mwenye mji. Fedha ya akiba ni busara. Tairi la akiba ni lazima, na hapa Runzewe, ambapo malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, hakuna dereva mwenye akili timamu atakayeshika njia ya mapori ya kuelekea Lusahunga bila kulikagua kwanza. Wahenga nao walikwisha kutuambia kwamba akiba haiozi. Lakini mwite mwanadamu "mtu wa akiba", na papo hapo utakuwa umemtukana.

Nataka kulitazama jambo hili kwa kupitia historia ya kijana mmoja wa Kitanzania aliyefika mbali kuliko wengi wetu, na ambaye tumezoea kumtaja huku tukitikisa kichwa. Huyo ni Hasheem Thabeet, mcheza mpira wa kikapu.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Nchi yetu ni nchi ya kandanda. Mpira wa kikapu uliishi, na bado unaishi, katika viwanja vichache vya shule, vya majeshi na vya vituo vya vijana mijini, kama kile cha Don Bosco pale Upanga. Yeye mwenyewe hakuugusa mchezo huo mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao mwenzake wa Marekani huwa amekwisha kuucheza kwa miaka 8 au 9. Alichokuwa nacho ni urefu, ambao hatimaye ulifika karibu mita 2.21. Kwa urefu huo akapata nafasi ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari huko Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kuzuia mitupo ya wapinzani, na aliifanya vizuri hata akachaguliwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009.

Tarehe 25 Juni 2009 ikafanyika shughuli ambayo ligi ya NBA huifanya kila mwaka, ya timu kuchagua vijana wapya kwa zamu. Timu ya kwanza kuchagua, Los Angeles Clippers, ilimchukua Blake Griffin. Ya pili ilikuwa Memphis Grizzlies, nayo ikamchukua Thabeet. Hapo akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Walioitwa baada yake ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa 3, na Stephen Curry, aliyekuwa wa 7. Leo majina hayo mawili yanajulikana dunia nzima, na kila anayetaka kumdhihaki Thabeet huanzia hapo.

Lakini msomaji, hatuna budi kuuliza ni kwa nini Memphis walimchagua. Jibu limo katika historia. Mwaka 1984 Hakeem Olajuwon wa Nigeria alichaguliwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1985 akaingia Manute Bol, Mdinka wa Sudan aliyekuwa mrefu kuliko wote. Mwaka 1991 akaja Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyechaguliwa wa 4, akawa miongoni mwa walinzi wakubwa wa kikapu ambao mchezo huo umepata kuwaona. Tangu hapo kila timu ilipomwona kijana mrefu kutoka Afrika anayezuia mitupo, ilijiona imempata Mutombo mwingine. Watu wa ukanda huu wa dhahabu wataelewa nikisema kwamba Memphis walilinunua duara kabla mwamba haujafikiwa. Walilipa kwa kuangalia duara la jirani lilitoa nini.

Isitoshe, Memphis tayari walikuwa na mchezaji mzuri wa nafasi hiyo hiyo, Mhispania Marc Gasol. Kijana aliyetangazwa kama mkombozi akajikuta benchi. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika 13 hivi kila mchezo, akifunga pointi 3.1. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, katika ligi ndogo ya kulea wachezaji. Kabla yake hakuna kijana aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Februari 2011 wakambadilisha na mchezaji wa Houston Rockets, na Machi 2012 Houston nao wakampeleka Portland Trail Blazers. Mabadilishano ya namna hiyo aghalabu hufanywa bila mchezaji mwenyewe kuombwa ridhaa. Anaamka akiwa mtu wa mji mmoja, jioni anaambiwa ni mtu wa mji mwingine. Sisi wa Bukombe twaweza kuikisia kidogo hali hiyo, maana mwaka ule ule wa 2012 tulitolewa mkoa wa Shinyanga tukawa wa mkoa mpya wa Geita pasipo mtu yeyote kuhama nyumba yake. Tofauti ni kwamba sisi tulibaki na mashamba na majirani zetu.

Sasa nafika kwenye tukio ambalo ndilo kiini cha insha hii. Julai 2012 timu ya Oklahoma City Thunder ilimsajili Thabeet, akiwa na umri wa miaka 25. Timu hiyo haikuwa na shida ya nyota. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imecheza fainali ya ligi na kufungwa na Miami Heat. Ilikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook, na Serge Ibaka mzaliwa wa Brazzaville, na chini ya kikapu alisimama Kendrick Perkins. Hawakumwambia Thabeet kwamba amekuja kuwaokoa. Walimsajili awe mtu wa akiba.

Ili kuona kwamba hilo halikuwa tusi, tufanye hesabu ya darasa la nne. Mchezo mmoja wa NBA huchukua dakika 48, na kila timu huwa na watu 5 uwanjani. Kwa hiyo timu inahitaji dakika 240 za kazi katika kila mchezo. Ukiwachezesha watano wako bora dakika 36 kila mmoja, umepata 180. Dakika 60 zilizobaki, yaani robo nzima ya kazi, lazima zifanywe na watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye mabango. Na hiyo ni siku moja. Msimu una michezo 82, wakati mwingine mitatu au minne kwa wiki, na katikati yake safari za ndege za usiku. Tena mchezaji akifanya faulo 6 hutolewa nje, na wanaolinda chini ya kikapu ndio wanaogongana zaidi. Kocha asiye na mtu mrefu wa pili ni sawa na dereva niliyemtaja mwanzoni, ila bila tairi lake.

Katika msimu huo wa 2012 hadi 2013 Thabeet aliingia uwanjani katika michezo 66, kwa wastani wa dakika karibu 12. Alifunga pointi 2.4 na kudaka mipira 3 kwa mchezo. Ukizitazama namba hizo peke yake utasema ni kidogo. Lakini timu ilishinda michezo 60 kati ya 82, na katika kila 10 ya mitupo yake karibu 6 iliingia, kwa sababu hakuombwa kutupa mipira isiyo yake. Aliombwa asimame, azuie, amsukume mtu mzito kwa dakika chache, kisha aketi mwenzake arudi akiwa amepumua. Mwili ni ule ule na mikono ni ile ile ya Memphis. Kilichobadilika ni kile alichoagizwa kufanya.

Sisemi kwamba hakuwa na upungufu. Alichelewa kuanza, hakupata ufundi mwingi wa kufunga, na alifanya faulo nyingi kwa muda mfupi. Msimu uliofuata alicheza michezo 23 tu. Agosti 2014 alipelekwa Philadelphia, wakamwacha baada ya siku chache, na hakucheza tena mchezo wa NBA. Jumla ya michezo yake katika ligi hiyo ni 224. Kisha akaendelea na kazi yake kwingineko: Yokohama huko Japani, halafu Taiwan. Mtu anayetafuta riziki ya ufundi wake katika nchi za mbali kwa zaidi ya miaka 10 mimi siwezi kumwita mvivu, wala aliyeshindwa.

Wapo watakaosema: lakini alilipwa mamilioni, hatuna haja ya kumhurumia. Ni kweli, na mimi simhurumii. Neno langu ni juu yetu sisi tunaohukumu. Tuna mizani yenye mawe mawili tu, la aliyefaulu na la aliyeshindwa, na tunaitumia kwa watoto wetu kila siku. Huku kwetu vijana huondoka kwenda machimboni wakiwa wengi. Mmoja akipata mawe mazuri, akarudi na pikipiki na mabati ya nyumba, jina lake linaimbwa. Wengine 20 wakirudi na nguo walizoondoka nazo, tunasema wamepoteza wakati. Hatuulizi walifanya kazi gani.

Kijana mmoja wa jirani yangu alirudi hivyo. Alinipitia kunisalimu, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, nikamuuliza habari za huko. Akainama. "Mzee, mimi sikuwa mchimbaji hasa. Nilikuwa nashika kamba tu." Nikamwambia anieleze huko kushika kamba ni kufanya nini. Akaeleza kwamba mwenzako anateremka katika duara, nawe unabaki juu mdomoni mwake. Ukisikia kamba inatikiswa unavuta. Ukiona udongo unameguka unapiga kelele. Huendi haja bila kumweka mtu mahali pako. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miezi 14, na wote aliowateremsha aliwapandisha wazima. "Tu" ile aliyoiweka mwisho wa sentensi hakuizua yeye. Ameipata kwetu.

Wamarekani wenyewe walichukua muda kujifunza kuwahesabu watu wa namna hii. Katika miaka ya 1950 kocha Red Auerbach wa Boston Celtics alianza kumweka benchi kwa makusudi mchezaji mzuri, Frank Ramsey, ili aingie wakati wapinzani wamechoka. Ilipofika 1983 ligi ikaanza kutoa tuzo maalumu kwa mchezaji bora anayeanzia benchi. Tangu hapo watu waliacha kuona benchi kuwa ni mahali pa adhabu tu.

Na kuna mfano ulio karibu na sisi zaidi. Bismack Biyombo ni mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Alikwisha kucheza NBA miaka 10, kisha mwaka 2021 baba yake akafariki, naye akakaa nje ya mchezo. Januari 2022 Phoenix Suns walimwita kwa mkataba wa siku 10. Huo ndio mkataba mdogo kabisa katika ligi: timu yenye upungufu hukuchukua kwa siku hizo, yaweza kurudia mara moja, na baada ya hapo lazima ikuandike hadi mwisho wa msimu au ikuache uende. Ni kibarua hasa. Biyombo alifanya kibarua hicho vizuri, wakamwandika, naye akatangaza kwamba mshahara wake wa msimu ule ataujengea hospitali nchini kwao kwa kumbukumbu ya baba yake.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia kwamba timu fulani imemsajili kijana ili kuongeza kina cha kikosi, usipite haraka. Ameitwa kwa dakika 60 zile ambazo nyota hawawezi kuzimaliza. Na akirudi kijana wa nyumbani kwako kutoka mbali, kabla ya kutazama mikononi ana nini, muulize kwanza alikuwa akishika nini, na nani alikuwa upande wa pili wa kamba.