Chumvi ya Katwe: ziwa dogo la ng'ambo lililolisha milima ya Beni na Lubero

Butembo – Chumvi nyingi inayouzwa leo sokoni Beni na Butembo imetembea safari ndefu. Inatoka pwani ya Kenya, inavuka Uganda nzima, inaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi ikiwa ndani ya vifuko vya plastiki. Kabla ya vifuko hivyo, na kabla ya mpaka wenyewe, chumvi ya milima hii ilitoka karibu zaidi, kwenye ziwa dogo la Katwe, kaskazini mwa Ziwa Edward, ambalo leo liko wilaya ya Kasese nchini Uganda.

Katwe ni shimo la volkano ya zamani lililojaa maji. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba 2 na nusu tu. Upande mmoja kuna ukuta mwembamba wa ardhi, na nyuma ya ukuta huo Ziwa Edward lenye maji matamu na samaki. Ndani ya Katwe hakuna samaki hata mmoja. Chemchemi zinashuka kwenye kingo zikibeba chumvi za mawe ya volkano, maji hayana mahali pa kutokea, jua linayavuta, chumvi inabaki. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika lita moja. Ya Katwe, wakati wa kiangazi, yanazidi hapo mara nyingi.

Watu wa mbali hudhani kwamba pale chumvi inaokotwa tu. Sivyo. Kando ya ziwa wenyeji wamechimba vidimbwi, kila kimoja na mwenyewe, na vingi vinarithiwa ndani ya familia. Kuta zake ni za udongo, zimeshikizwa kwa vijiti na majani. Maji ya ziwa yanaingizwa humo na kuachiwa jua. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Chumvi ya kula haijitengi na maji mpaka maji yashibe kabisa, na kwa maji safi hiyo ni karibu gramu 360 katika lita moja. Mvua moja kubwa ikinyesha, maji yanapungua ukali, na chumvi iliyokwisha kushika inayeyuka tena. Kazi ya siku nyingi inarudi ziwani. Lakini kidimbwi kikiachwa kikauke chote, ni hasara pia, kwa sababu maji ya Katwe hayana chumvi ya kula peke yake. Yana magadi na chumvi nyingine chungu, na vyote vinabaki chini vimechanganyika. Mwenye kidimbwi anapaswa kuongeza maji kwa wakati wake, kuvunja utando unaofunika juu ili jua liendelee kufanya kazi, na kuvuna kabla uchungu haujaingia. Kazi hiyo ya vidimbwi imekuwa zaidi ya akina mama. Wanaume wanaingia ziwani kwenyewe, maji yakiwafika kiunoni, kuvunja chumvi ya mawe kwenye sakafu ya ziwa na kuileta ukingoni juu ya miti myepesi iliyofungwa pamoja. Chumvi hiyo ya mawe ni ya daraja la chini, na wanunuzi wake wakubwa ni wafugaji wa ng'ombe.

Upande wetu wa Semliki hapakuwa na ziwa kama hilo. Watu wa misitu na milima walichoma majani na nyasi za majini, wakachuja majivu kwa maji, wakachemsha mpaka wapate chumvi ya majivu. Ilikolea mboga, lakini ilikuwa kidogo na kazi yake kubwa. Ndiyo maana Wayira, wanaoitwa pia Wanande, walishuka bondeni na maharagwe, ndizi, mbuzi na majembe ya chuma, wakavuka Semliki au wakapanda mitumbwi ya Ziwa Edward, wakarudi na mizigo ya chumvi mgongoni. Ng'ambo walikuta Wakonzo, ndugu zao wa lugha moja. Biashara ya Butembo inayosifiwa leo watu wengi huianzia kwenye kahawa na dhahabu, wakisahau kwamba njia ya mashariki ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wabeba chumvi.

Mali ya namna hiyo haikosi wagombanaji. Katika miaka ya 1880 Katwe ilishikwa na abarusura, askari wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Stanley alipopita mwaka 1889 na msafara wa kumtoa Emin Pasha, askari hao waliondoka mbele yake, na yeye mwenyewe aliona kwamba ugomvi wa nchi ile ulitokana na chumvi. Miaka 2 baadaye, 1891, Lugard wa Uingereza alijenga pale ngome, akaiita Fort George. Hakuificha sababu: aliyeshika Katwe alishika mapato yake. Kisha, mwaka 1910, wazungu walikubaliana juu ya mpaka. Ziwa Edward likagawanywa, Katwe ikabaki Uganda, walaji wengi wa chumvi yake wakabaki Kongo ya Wabelgiji. Ugonjwa wa malale bondeni, na baadaye Hifadhi ya Albert iliyoanzishwa 1925 na ambayo leo ni Virunga, vikaziba njia nyingi za zamani.

Uganda ilijaribu kuiweka Katwe kwenye mashine. Kiwanda kikubwa kilijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1970, kikafa mapema katika miaka ya 1980: maji makali yalikula mabomba yake. Vidimbwi vya akina mama viliendelea, na vinaendelea.

Kilichoiondoa chumvi ya Katwe kwenye sufuria zetu ni kitu kingine, iodini. Katika miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi na kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, walichunguza kisiwa cha Idjwi na kukuta rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa watu wengi sana, hasa kaskazini ya kisiwa. Udongo wa milima mirefu hauna iodini ya kutosha, na muhogo usiotayarishwa vizuri huongeza tatizo. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Chumvi ya viwandani huongezwa iodini. Ya vidimbwi vya Katwe hutoka jinsi jua lilivyoiacha. Kwa familia zilizokimbia zinazopata chumvi kidogokidogo, tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei: ile ya mawe, ya ng'ombe, haifai kupikia watoto, na ile ya kifuko hupoteza iodini yake ikiachwa wazi kwenye jua au unyevu.

Zote mbili bado zinapita mlango mmoja. Mwezi wa Juni 2021 marais wa nchi mbili walizindua mpakani kazi ya barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54. Ni barabara ileile ambayo, tangu mauaji ya Beni yalipoanza 2014, wasafiri wengi wameviziwa. Siku magari yanapozuiwa Kasindi, chumvi ni kati ya vitu vya kwanza kuadimika sokoni.