Utando Katika Kioo cha Rubani

Barafu ndiyo iliyouleta utando huu. Ndege zilipoanza kuruka katika kila majira, maji ya mawingu yaliganda juu ya kioo cha mbele hata rubani akawa haoni njia wala kiwanja. Ndipo, katika zama za Vita Kuu ya Pili, mafundi wa kampuni ya Pittsburgh Plate Glass ya Marekani wakaleta kioo kilichoitwa Nesa, kilichopakwa oksidi ya bati kwa wembamba usioonekana, ambayo ikipitishiwa umeme hupata moto na kuyeyusha barafu. Naihesabu hii miongoni mwa sanaa bora za karne ile, maana kitu kimoja kiliwezeshwa kupitisha nuru na umeme kwa pamoja.

Walakini dawa ilizaa maradhi mengine. Ndege ipitapo katika theluji kavu au vumbi, msuguano huijaza umeme tuli. Mwili wa aluminiamu huusambaza umeme huo hadi ukatokea kwenye vijiti vyembamba vilivyofungwa katika ncha za mbawa na mkia. Kioo, maadamu hakipitishi umeme, huuzuia pale pale. Marubani wa usiku wameuona ukitambaa mbele yao kwa nyuzi za buluu. Ukizidi, hutafuta njia ya kushuka, na iliyo karibu ni utando wa joto uliofichwa ndani. Basi cheche hukitoboa kioo, ikaacha tundu mithili ya alama ya sindano, na chini yake doa lililoungua, ambalo kandokando yake joto huzidi hata kioo kikapasuka safarini.

Radi ina msiba wake. Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya Pan American, ikingojea kutua Philadelphia, ililipuka karibu na Elkton, Maryland, wakafa watu wote 81. Wachunguzi wakakata shauri kwamba radi iliwasha mvuke wa mafuta katika tangi la bawa. Mwezi ule ule serikali ya Marekani iliamuru vijiti vile vifungwe katika ndege za Boeing zisizokuwa navyo. Amri hiyo ilistahili, ingawa vijiti havizuii radi, wala havikisaidii kioo.

Kioo kilihitaji utando wa pili, wa nje, usiopashwa joto, uupokee umeme tuli na kuufikisha katika fremu ya chuma. Mvua, mchanga na waipa huula kidogo kidogo, na kwa kuwa jicho haliwezi kuutambua upungufu huo, fundi huweka ncha moja ya mita kiooni na ya pili kwenye fremu, akapima ukinzani wake.