Kwato na Viatu vya Farasi

Farasi husimama juu ya ncha ya kidole kimoja katika kila mguu, na ukwato ndio ukucha wa kidole hicho. Ukuta wake wa nje ni wa keratini, kama kucha za binadamu, nao huota takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Farasi wa mwituni huusaga kwa kutembea. Anayefungiwa zizini hubaki na kwato ndefu, na wa barabara za mawe humaliza zake kabla hazijaota nyingine. Huyu ndiye anayehitaji chuma. Punda wa Lamu hubeba mchanga na mawe ya ujenzi bila viatu, ila kwato zao lazima zikatwe kwa wakati.

Kazi huanza na kisu na tupa, nyundo husubiri. Kila baada ya wiki 6 hadi 8 fundi hung'oa kiatu cha zamani, hupunguza ukwato uliozidi na kuusawazisha. Chuma ndicho kinachofuliwa kiufuate mguu. Kuupiga tupa ukwato ili uingie katika kiatu kidogo ni kumlemaza mnyama.

Chuma cha moto hubandikwa kwa sekunde chache, moshi ukapanda wenye harufu ya nywele zilizoungua, na alama nyeusi ikaonyesha kilipogusa. Farasi hatishiki, kwa kuwa ukuta hauna neva. Hatari iko kwenye misumari: nyuma ya mstari mweupe ulio chini ya ukwato kuna nyama hai. Ndiyo maana ncha ya msumari huchongwa upande mmoja ili upinde kwenda nje, utokeze ubavuni, ukatwe na kukunjwa. Ukipotea ndani, farasi atachechemea na huenda mguu ukatunga usaha.

Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 KK, alishauri farasi wasimamishwe juu ya mawe ya mviringo ili kwato zikomae. Karne nyingi baadaye, mwaka 1835, Henry Burden wa Troy, New York, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza viatu vya farasi.

Kila siku uchafu huchokolewa chini ya ukwato kuanzia kisigino kwenda mbele, bila kuumiza pembetatu laini iliyo katikati. Ikinuka na kutoa uchafu mweusi, imeanza kuoza kwa unyevu wa zizi. Farasi aliyevamia gunia la nafaka, kwato zikapata joto naye akaegemea nyuma kupumzisha miguu ya mbele, aitiwe daktari wa mifugo siku hiyohiyo.